Kamati ya Msaada wa Sheria ya Mlimani

Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, cha kwanza Afrika Mashariki, kilifungua milango tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Madarasa yalianzia katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Nchi ilihitaji mahakimu na mawakili wa serikali, tena upesi, na kitivo kilianza kuwatoa. Mmoja wa wahitimu wa mwanzo, Julie Manning, alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Mwaka 1967, chuo kikuu kikiwa kimeshahamia kampasi ya Mlimani, kitivo kiliunda Kamati ya Msaada wa Sheria kwa ajili ya wasiokuwa na fedha za kumlipa wakili.

Mwaka 1969 ilitungwa sheria ya kumpatia wakili mshtakiwa asiye na uwezo katika kesi za jinai. Ilikuwa hatua njema. Lakini mjane aliyetolewa nyumbani na ndugu wa marehemu mumewe hakushtakiwa na mtu, wala kibarua aliyeachishwa kazi bila kulipwa haki zake. Hao walikuwa na madai, na mwenye madai hakuandaliwa mtu wa kumsemea. Kamati ilisimama hapo, na kwangu mimi hiyo ndiyo heshima yake kubwa kuliko zote.

Kazi yenyewe ni ya mezani. Mtu anafika na samansi iliyokunjwa mara nne, nakala ya hukumu, na maelezo yanayoanzia miaka kumi nyuma. Kabla ya yote ni lazima ijulikane hukumu imetoka lini, maana rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo ina siku 30, na wengi huja siku zikiwa zimekwisha. Baada ya hapo ni kumsikiliza, kuchambua lipi ni dai na lipi ni uchungu, kisha kumwandikia karatasi ambayo hakimu hataikataa. Kwa miaka mingi wakili hakuruhusiwa kabisa kusimama Mahakama ya Mwanzo. Kumsaidia mtu kulimaanisha kumwandaa asimame mwenyewe na aseme. Mwanafunzi anayeifanya kazi hii anajifunza kusikiliza, somo ambalo hakuna mtihani wa kumpima nalo.

Uzito wa mambo hayo unaonekana vizuri katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Lilianzia Mahakama ya Mwanzo, iliyosema mwanamke hana fungu katika nyumba kwa kuwa alikuwa mke tu na nyumba ilinunuliwa kwa fedha za mume. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Rufaa yenyewe ilishindwa, kwa sababu mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mumewe zilikuwa ndiyo fungu lake, naye alizitumia ovyo. Lakini msimamo ule ulibaki, na wanawake wengi waliomfuata wameutegemea.

Mbegu ya Mlimani ilienea. Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, kilisajiliwa mwaka 1990. Mwaka 1992 Profesa Haroub Othman, mwalimu wa Mlimani, alikuwa miongoni mwa walioanzisha Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, na mwaka 1995 kikaja Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Hatimaye Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilichukua nafasi ya ile ya 1969. Madai nayo yaliingia, na wasaidizi wa kisheria, ambao kwa miaka walifanya kazi vijijini bila sheria kuwatambua, wakatambuliwa.

Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kabla ya hapo, shauri lililopanda kutoka Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu lilirudi na hukumu ya Kiingereza, na mhusika akalazimika kutafuta wa kumwambia kama ameshinda au ameshindwa. Sheria nyingi zilikuwa bado za Kiingereza, zikisubiri kutafsiriwa. Wanafunzi wa sheria wanaweza kuifanya kazi hiyo pia, na ningependa kuwaona wakipewa.