Friji la shangazi na sheria ya mwaka 1931

Wandugu, nimerudi. Nilipotea wiki mbili, nilikuwa Karatu kwa shangazi. Hewa safi, baridi ya kutosha, magari ya watalii yakipita alfajiri kuelekea geti la Lodoare... na usiku silali! Sababu ni friji.

Shangazi anauza maziwa na juisi pale nyumbani. Alidunduliza pesa miezi kadhaa, akanunua friji jipya, bado lina nailoni mlangoni. Kulichomeka tu, likaanza. Linanguruma kama Land Rover ya zamani inayopanda ukingo wa kreta, na likitaka kuzima linajitikisa mpaka vikombe vinagongana kabatini. Linapoza, hilo sikatai. Na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, kwa sababu siku ya tatu aliporudi dukani aliulizwa: "Mama, si linapoza? Sasa shida iko wapi?" Kisha akaonyeshwa risiti. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutwa na miwani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Maneno hayo nimeyaona kwenye risiti tangu nikiwa mtoto, nikidhani ni sheria ya nchi. Safari hii nikaamua kuchimba yametoka wapi.

Tuanze na mnada. Aliyewahi kufika mnada wa Karatu tarehe 7 anajua mbuzi anavyonunuliwa. Unamshika, unamfungua mdomo kutazama meno, unampapasa mgongo, unamtembeza. Ukishatoa pesa na kuondoka, mbuzi ni wako na kikohozi chake ni chako. Hiyo ndiyo kanuni ya "mnunuzi jihadhari", ambayo majaji wa Kiingereza waliishi nayo miaka mingi. Kwa mbuzi inaeleweka, maana mnunuzi na muuzaji wote wanamjua mbuzi. Lakini nani atalifungua friji mdomo?

Waingereza wenyewe waliliona hilo. Mwaka 1893 Bunge lao lilipitisha sheria ya mauzo ya bidhaa, na mwaka 1931 serikali ya kikoloni ikaileta Tanganyika karibu neno kwa neno. Kabla ya hapo tulikuwa tukitumia sheria ya mikataba iliyotoka India. Ile ya 1931 ipo mpaka leo, ni Sura ya 214 ya sheria zetu. Jaribu kuwaza: mwaka ule walowezi wa kahawa walikuwa ndiyo kwanza wanajijenga Oldeani, na karatasi iliyoandikwa enzi hizo ndiyo inayoamua habari za friji la shangazi!

Inasemaje? Kwa lugha ya sokoni: ukinunua kitu kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuza vitu vya aina hiyo, sheria inaweka ahadi ndani ya mauzo hata kama hamkuitamka, kwamba kitu kina ubora wa kuuzika. Na ukimweleza muuzaji unakitaka kwa kazi gani, ukategemea utaalamu wake, basi kiifae kazi hiyo.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo penye mtego. Sheria hiyo hiyo inasema kama mnunuzi amekikagua kitu, hana madai juu ya kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Mnakumbuka muuzaji anavyochomeka redio au blenda mbele yako, "umeona, inafanya kazi"? Wote tunadhani anatusaidia sisi. Kumbe anajisaidia na yeye! Kelele uliyoisikia dukani ukanyamaza, umeinunua pamoja na chombo. Nikamuuliza shangazi kama friji liliwashwa dukani. Akacheka. Siku ile umeme ulikuwa umekatika mji mzima. Kwa mara ya kwanza nikaushukuru mgao.

Kuna na sharti la muda. Ukikaa na kitu muda mrefu bila kusema neno, unahesabiwa umekikubali. Siku tatu si muda mrefu kwa hesabu ya mtu yeyote.

Basi kama sheria ilikuwepo miaka yote hiyo, kwa nini risiti zikatutawala? Jibu langu, na mnaweza kunipinga, lipo kwenye historia ya maduka yetu. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 biashara kubwa ya jumla iliingia mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa, halafu zikaja zile kampuni za biashara za mikoa, RTC. Mwaka 1973 ikaundwa Tume ya Bei. Mwaka 1976 ikapita Operesheni Maduka iliyofunga maduka ya watu binafsi vijijini. Serikali ilimlinda mnunuzi, tena kwa nguvu, lakini ilimlinda na bei. Ubora wa kitu ulikuwa habari nyingine. Ilipofika miaka ya 80 mwanzoni, sabuni yenyewe ya foleni, mwaka 1983 Sokoine akiwasaka wahujumu uchumi, nani angerudisha redio eti inakoroma? Ulishukuru Mungu umepata. Kizazi cha shangazi kililelewa humo.

Kisha bajeti ya mwaka 1984 ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na mwaka uliofuata akaja Mzee Ruksa. Vitu vikamwagika. Ila tabia ya kushukuru ikabaki palepale, na wafanyabiashara wakaikuta tayari imeiva.

Duniani wakati huo mambo yalikuwa yamesonga. Kennedy alishatangaza haki za mlaji katika ujumbe wake kwa Bunge la Marekani tarehe 15 Machi 1962, na mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ukatoa miongozo yake. Sisi tulipata sheria ya mwaka 1994, kisha Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliyounda Tume ya Ushindani, ile FCC. Tofauti yake na ya 1931 ni moja kubwa: ya zamani iliwaacha wauzaji na wanunuzi wakubaliane kuzifuta zile ahadi, ya 2003 inamkataza muuzaji kumvua mlaji ulinzi wake kwa maneno ya mkataba. Kwa hiyo zile herufi za chini ya risiti haziwezi kuzika kasoro ya friji.

Na hoja ya "si linapoza"? Hapa nilipata kesi tamu kutoka Uingereza, Rogers dhidi ya Parish, iliyoripotiwa 1987. Mtu kanunua Range Rover mpya, mbovu, akabadilishiwa. Ya pili nayo ina kelele za injini na za giaboksi. Akaiendesha zaidi ya maili 5,000 huku akilalamika. Muuzaji akasema: mbona inatembea? Mahakama ya Rufani ikamkatalia. Gari jipya la bei ile halinunuliwi kwa kutembea tu, mnunuzi analipia pia raha na hata kujivunia. Nisiwadanganye, majaji wale walikuwa wakitafsiri sheria iliyokwisha kurekebishwa kwao, na maamuzi yao hayawafungi majaji wetu, yanaweza kuwashawishi tu. Lakini mimi ningeenda nayo mahakamani bila aibu.

Haikufika huko. Nilimwandalia shangazi barua nzuri, vifungu na kila kitu. Akaikunja, akaiweka kwenye kanga, akasubiri tarehe 7. Siku ya mnada, mji umejaa, akasimama mlangoni pa lile duka na kila aliyeingia akamsalimia vizuri, akamwambia: "Karibu mwanangu, ila uliza kwanza kama linanguruma." Saa tano hivi wakamwita ndani, wakampa soda. Jioni friji jingine likaletwa na Kirikuu.

Hili nalo linanguruma, ila kidogo. Safari hii lilichomekwa dukani mbele yake, na alisikia. Barua anayo bado.