Michoro Midogo Iliyotangulia Guernica

Tarehe 26 Aprili 1937 ndege za Ujerumani na Italia ziliubomoa mji wa Guernica, katika nchi ya Wabaski. Picasso, aliyekuwa akikaa Paris, alikwisha kuombwa na serikali ya Jamhuri ya Hispania picha kubwa ya ukutani, naye alikuwa hajapata wazo. Siku ya 1 Mei alishika penseli na karatasi za buluu. Mchoro wa kwanza, wenye upana wa sentimita 27 tu, una mistari iliyokorogeka. Hata hivyo fahali yumo, na mwanamke anyooshaye taa yumo. Farasi ndiye aliyemsumbua: alichorwa tena na tena, mara kaanguka, mara kainua shingo. Ngumi iliyoinuliwa, iliyofika hata kwenye turubai lenyewe, ilifutwa. Mwanamke na taa yake walibaki.