Hasara ni fakture ao ni pesa yenye ililipwa?

Wandugu, tuanze na hesabu moja. Mwaka 2005, kule California (Marekani), mama mumoja aligongwa na motokari ya kampuni ya nyama. Alipasuliwa uti wa mugongo mara mbili. Fakture zote pamoja zilifika dola 189 978. Kampuni haikubisha: kosa ilikuwa ya shoferi wake. Baraza la raia wenye kukata maneno likaamua alipwe ile hesabu yote.

Kumbe, hospitali na waganga hawakupokea ile pesa yote. Asiransi ya mama ilikuwa imepatana nao bei kabla. Dola 130 286 zikafutwa kwenye karatasi, na zenye zililipwa kweli hazikufika 60 000. Sasa tuulize: hasara ya yule mama ni gani? Ni fakture, ao ni pesa yenye ilitoka?

Ulizo hili liko na historia ndefu. Mwaka 1854, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikata maneno ya vyombo viwili vyenye viligongana mu ziwa Huron: Monticello, meli ya mvuke, na Northwestern, mashua ya tanga. Wenye mashua walikuwa wamekwisha kulipwa na asiransi yao. Wenye Monticello wakasema: basi, sisi hatuna deni tena. Mahakama ikakataa. Mapatano ya mutu na asiransi yake hayamuhusu mwenye kosa. Kanuni hiyo ikatoka kwenye vyombo ikafika kwenye miili ya watu. Mwaka 1970, mahakama ya juu ya California iliitumia kwa mutu mwenye aliumizwa mukono na bisi: Blue Cross ilikuwa imelipa sehemu kubwa ya matunzo yake, lakini hakukatwa kitu. Alilipia asiransi kwa akili ya kujilinda yeye, si kulinda mwenye kumugonga.

Lakini ile kanuni ilizaliwa wakati fakture na malipo vilikuwa karibu kitu kimoja. Kiisha bei ikagawanyika. Mwaka 1965 serikali ya Marekani ilianzisha Medicare na Medicaid. Serikali na asiransi kubwa zikapata nguvu ya kusema: sisi tunalipaka hivi tu. Tangu pale hospitali iko na bei mbili: ile ya orodha, na ile yenye inaingia kweli mu sanduku.

Njo pale mipaka ilianza. Mwaka 1988, mu kesi ya Hanif, mutoto wa miaka 7 aligongwa na gari. Fakture ilikuwa dola 31 618, na Medi-Cal ililipa 19 317. Majaji wakasema: hawezi kudai kupita 19 317. Mwaka 2003, Texas iliandika sheria ya namna ile. Na tarehe 18 Agosti 2011, mu kesi ya Howell (ni ya yule mama wetu), mahakama ya juu ya California ikakata: zile dola 130 286 hakuna mutu alikuwa na deni yake hata siku moja, kwa hiyo si hasara.

Lakini usifikiri Marekani yote ilikubali. Mu kesi ya Wills, mwaka 2008, Illinois iliruhusu fakture yote ya dola 80 163, hata kama Medicare na Medicaid zililipa 19 005 tu. Inchi moja, majibu mawili.

Nani ana haki? Wenye kutetea mupaka wanasema malipo ni ya kutengeneza, si ya kutajirisha. Ni kweli, bei yenye hakuna mutu analipaka haiwezi kuwa kipimo. Lakini angalia matokeo: ukigonga mwenye asiransi, unalipa kidogo; ukigonga masikini mwenye hana, fakture nzima inaweza kukuangukia. Mufupa ni ule ule. Kwa maoni yangu, kipimo cha haki ni bei ya kweli ya matunzo kwenye soko, bila kuangalia ni nani aligongwa.

Sasa kwetu Congo. Kifungu cha 258 cha Kitabu cha III cha sheria za raia, kutoka dekreti ya 30 Julai 1888, kinalazimisha mwenye kosa kutengeneza hasara yenye alileta. Hakitaji kiasi cha pesa. Huku wengi hatuna asiransi ya ugonjwa: jamaa njo wanachangaka, ao kanisa, mpaka mugonjwa aachiliwe kutoka hospitali. Kiisha mwenye kugonga atasimama mbele ya tribinali aseme: «Fakture ilikwisha kulipwa, hasara iko wapi?»

Wanafunzi wa sheria, hilo neno litawafikia siku moja, kama avoka ao kama jaji. Muwe na jibu: muchango wa ndugu ulitolewa kwa ajili ya mugonjwa, haukutolewa kwa ajili ya shoferi. Na wewe mwenye kupanda moto kila asubuhi, siku ikikuangukia, chunga fakture na risiti pamoja. Moja inaonyesha bei, ingine inaonyesha nani alilipa. Mbele ya jaji utahitaji zote mbili.