Wito na Mlango: Nani Huwa Mwalimu Mugoma?

Watafiti wanaouliza kwa nini watu huwa walimu huja na majibu mkononi: wito, mshahara, au kukosa pengine pa kwenda. Dodoso la Helen Watt na Paul Richardson wa Australia, lililochapishwa mwaka 2007 na kutumika katika nchi nyingi, lina hata kipengele cha ualimu kama kimbilio. Linadhani mhojiwa aliwahi kusimama njia panda, akachagua. Katika kata ya Mugoma, wilayani Ngara, njia panda hiyo ni nadra.

Ngara, inayopakana na Rwanda na Burundi, ni wilaya ya migomba, maharage na kahawa. Mtoto wa kijijini anawajua wakulima wote. Mtu wa mshahara anayemwona kwa karibu, siku baada ya siku kwa miaka yote ya shule ya msingi, ni mwalimu: vumbi la chaki kwenye mkono wa shati, andalio la somo chini ya kwapa, na deni la dukani linalosubiri mwisho wa mwezi. Dan Lortie, akiandika juu ya walimu wa Marekani mwaka 1975, alionya kwamba mwanafunzi huitazama kazi hii kwa miaka mingi bila kuona maandalizi yake. Sawa, lakini kijijini hiyo ndiyo kazi ya ajira inayoonekana kuliko zote.

Halafu kuna mlango wa kuingilia kazi hiyo, na mlango ni wa serikali. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kwa maelfu, wakafundisha huku wakijifunza kufundisha. Kwa kizazi hicho neno “wito” halina fumbo: serikali iliita, wao wakaitika. Shule za sekondari za kata zilipofumuka katika miaka ya 2000, wakaja walimu wa mafunzo ya wiki chache, mitaani wakabatizwa “voda fasta”, kama vocha ya simu. Kejeli hiyo iliwaangukia waliopita mlangoni, aliyeufungua hakuguswa.

Leo mlango umebana. Wahitimu wa ualimu ni wengi kuliko ajira, na wapo wanaofundisha kwa kujitolea wakisubiri majina yao yatoke. Hawa nao tuwaandike chini ya “kimbilio”?

Naona sababu nyingi za kuwa mwalimu huzaliwa baada ya mtu kuingia. Mtoto wa darasa la kwanza anayezungumza Kihangaza nyumbani anaukodolea macho ubao wa Kiswahili; mwalimu mzawa anashusha sauti, anamweleza kwa lugha ya mama yake, kisha anarudi kwenye Kiswahili. Mgeni aliyepangiwa kutoka Mtwara hana daraja hilo, na asipopata nyumba wala maji ya karibu ataandika barua ya uhamisho mapema. Barua kama hizo, pamoja na majina ya wale ambao hawajawahi kuziandika, ndizo ningeanza kuzisoma kabla ya kugawa dodoso lolote.