Mafunjo ya Nakivubo na Swali la Mama Mmoja

Nilipokuwa sekondari mjini Kampala, mwalimu wetu wa biolojia alitupeleka kwenye ardhioevu ya Nakivubo. Alituagiza tulinganishe maji yanapoingia kwenye mafunjo na yanapotoka. Yalipoingia yalinuka sana. Yalipotoka, harufu ilikuwa imepungua. Majitaka ya jiji hupita humo kabla ya kufika Ghuba ya Murchison, ambako Kampala huchota maji ya kunywa kupitia Ggaba.

Siku ile niliona sayansi tu. Leo, nikisoma historia, naona pia sheria. Mwaka 1986 serikali ya Uganda ilizuia ukaushaji mkubwa wa ardhioevu. Mwaka 1995 ilitoa sera ya taifa, na Katiba ya mwaka huohuo ikaikabidhi serikali dhamana ya kuzilinda kwa niaba ya wananchi. Hata hivyo, mashamba ya magimbi na viwanda viliendelea kuyapunguza mafunjo.

Mama mmoja aliyekuwa akipalilia magimbi alituuliza, "Wanangu, mafunjo yakirudi, sisi tutakula nini?" Tulinyamaza. Naona historia ya Nakivubo haijakamilika mpaka swali lake liandikwe kando ya sheria hizo.