Mto Lukuga na Usawa wa Ziwa Tanganyika tangu Mwaka 1874

Kiswahili kimezoea kutumia usemi mmoja, hali ya hewa, kwa mambo mawili ambayo sayansi huyatenganisha: mvua ya alasiri moja, na mwenendo wa mvua wa miaka thelathini au zaidi. Neno tabianchi lilibuniwa ili kuliziba pengo hilo, lakini halijaenea sana nje ya shule na ofisi. Vivyo hivyo, mafuriko ni maji yashukayo mlimani kwa saa chache. Mafuriko pia ni ziwa lipandalo kwa miaka mitatu. Historia ya Ziwa Tanganyika yaonyesha kwamba suala hili si la msamiati peke yake.

Mwezi wa Mei 1874, Mwingereza Verney Lovett Cameron aliufikia mto Lukuga kwenye ufuko wa magharibi. Mtemi wa mahali hapo alimweleza kwamba watu wake husafiri zaidi ya mwezi mmoja kandokando ya mto huo mpaka unapoingia Lualaba. Cameron akasadiki kwamba hapo ndipo ziwa linapotolea maji yake. Mwaka 1876 Stanley alifika papo hapo, akakuta matope na mafunjo yameziba njia, na mkondo karibu hakuna. Akamkanusha Cameron, ingawa alitabiri kwamba siku si nyingi maji yangepata njia. Kule Ujiji alikuwa amekwisha kuona kwamba sehemu ya soko aliyoifahamu mwaka 1871 imemezwa na ziwa. Kisha, mwaka 1879, Edward Coode Hore, baharia wa misheni ya London, aliukuta Lukuga ukitoka ziwani kwa nguvu.

Huko Ulaya wasomi walibishana nani amekosea. Kumbe kila msafiri aliuona mto wa mwaka wake. Mtemi, ambaye ushahidi wake haukupewa uzito unaostahili, ndiye pekee aliyesema kwa kumbukumbu ya muda mrefu.

Maelezo yake ni haya. Ziwa hili lina eneo la kilometa mraba 32,900 hivi na kina cha meta 1,470, lakini mlango wake wa kutokea ni Lukuga tu. Takriban sehemu tisa kwa kumi za maji yanayopotea hupanda angani kama mvuke. Usawa wa ziwa, basi, hutegemea mizani kati ya mvua na mvuke, na mizani hiyo hulemea upande mmoja kwa miaka mingi mfululizo. Katika miongo ya ukame mkondo hudhoofika, tope na majani vikajikusanya mlangoni. Mvua zirudipo, maji hupanda nyuma ya kizuizi hicho. Yapata mwaka 1878 kizuizi kilivunjika, na kabla ya karne kwisha ziwa lilikuwa limeshuka kwa meta zipatazo 10.

Ni katika miaka hiyo ya kushuka ndipo Albertville, yaani Kalemie ya leo, ilipoanzishwa. Reli kutoka Kabalo iliufikia mji huo mwaka 1915. Waliojenga waliuona ufuko mpya wakaudhania wa kudumu.

Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua zilizidi kipimo katika Afrika ya Mashariki yote. Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya meta mbili, na Tanganyika ikafika kilele chake cha karne ya ishirini mwaka 1964. Sababu ilikuwa mbali: Bahari ya Hindi ilipata joto upande wa Afrika na kupoa upande wa Sumatra, hivyo pepo zikaleta unyevu mwingi barani. Wanasayansi waliieleza tabia hiyo ya bahari mwaka 1999 tu.

Jambo lilo hilo lilirudi mwaka 2019, na Uvira ikapata mafuriko ya aina zote mbili. Katikati ya Aprili 2020 mto Mulongwe uliporomoka kutoka milimani, ukaua makumi ya watu na kubomoa nyumba nyingi. Hapo onyo ni la saa chache, na hutoka kwenye kipimo cha mvua kilichoko mlimani. Baadaye ziwa lenyewe likaingia mitaani, Uvira, Kalemie na ng'ambo ya mpaka huko Bujumbura, mwaka 2021 na tena 2024. Onyo lake lilikuwa la miezi: tangu mwaka 1992 setilaiti hupima usawa wa maziwa makubwa, na kipimo cha bandarini husomwa na yeyote ajuaye tarakimu. Kumwonya mtu kwa neno moja la mafuriko ni kumwacha asijue kama akimbie usiku huu au ahamishe nyumba kabla ya masika.

Maji ya mwaka 2024 yalikaribiana na yale ya 1964. Hata hivyo, yalibaki meta kadhaa chini ya ufuko aliouacha Stanley mwaka 1876.