Mulago na Tiba ya Kulinda Ubongo wa Kichanga

Ubongo wa mtoto aliyekosa damu na hewa wakati wa kuzaliwa haufi wote papo hapo. Damu ikirudi, seli hutengemaa kwa saa chache, kisha huja wimbi la pili linaloziua. Tiba za kulinda ubongo, ziwe za dawa au za baridi, hulenga mwanya huo. Kwa watu wazima waliopigwa na kiharusi dawa zimeshindwa mara nyingi: NXY-059 ilileta matumaini mwaka 2006, ikaanguka katika jaribio la 2007. Kwa vichanga, baridi ilifaulu. Mwaka 2005 jaribio la Marekani lilionyesha kwamba kushusha joto la mwili kwa saa 72 hupunguza idadi ya wanaokufa au kubaki na ulemavu.

Mwaka 2007 watafiti wa Kampala na London waliijaribu tiba hiyo katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, Uganda, kwa chupa za maji ya bomba badala ya mashine ghali. Vichanga walikuwa 36. Kati ya 21 waliopozwa, saba walifariki. Kati ya 15 wengine, mmoja. Wapo waliosema, na kwa haki, kwamba idadi hiyo ni ndogo mno kuthibitisha lolote. Lakini Mulago haikuhitaji kuthibitisha madhara ili isikilizwe. Ilitosha kuonyesha kwamba usalama wa tiba hii haukuwa umethibitishwa nje ya nchi tajiri. Utafiti wa baadaye hospitalini hapo ulihusisha kuumia huku kwa ubongo wa kichanga pia na maambukizi ya bakteria, kwa hiyo huenda ubongo unaoumia Kampala hauumii kwa njia ileile ya kwingineko.

Pingamizi zito zaidi ni la kimaadili: kudai ushahidi wa nyumbani ni kumnyima mtoto maskini tiba ambayo tajiri anaipata. Nalielewa, ila jaribio la HELIX la India, Sri Lanka na Bangladesh, lililochapishwa 2021 likiwa na vichanga 408, lililijibu kwa uchungu: waliopozwa walikufa asilimia 42, wasiopozwa 31. Kilichodhaniwa ni haki kingeongeza makaburi. Njia nyingine iliyotazamwa, erithropoietini, dawa ya sindano isiyohitaji mtambo wa kupozea, ilipoongezwa juu ya baridi huko Marekani haikuleta nafuu, kama matokeo ya 2022 yalivyoonyesha. Hata hivyo matokeo hayo hayajibu swali la kichanga asiyepozwa kabisa, na huyo ndiye anayelazwa Mulago.